Jinsi ya kusimamisha hupa ya harusi ya Kiyahudi, kuanzia kitambaa mpaka glasi inapovunjwa

Kama wewe ni fundi wa mapambo, au ni rafiki wa familia umepewa hiyo kazi, na umeambiwa "sisi tunataka hupa", soma hii yote kabla hujanunua hata mita moja ya kitambaa. Hupa ni lile paa la kitambaa kwenye nguzo nne ambalo bwana harusi na bibi harusi wa Kiyahudi wanasimama chini yake kufunga ndoa. Ukiliona kwenye picha unaona maua, taa, vitambaa vinaning'inia, unadhani ni banda la kupigia picha tu. Sio. Ile ni nyumba, tena nyumba ya kwanza ya hao wawili, na kwa sheria yao bibi harusi akiingia pale na mumewe ni kaingia kwake. Kwa hiyo mimi nasema hivi, jenga nyumba kwanza, maua baadaye. Ukishika hilo mengi hutakosea.

Na msidhani ni mambo ya mbali sana. Pale Mbale Uganda kuna Abayudaya, jamii iliyoshika Uyahudi tangu 1919 kwa uongozi wa Semei Kakungulu, na Wayahudi wa Nairobi wana jumuiya yao yenye zaidi ya miaka 100. Alafu wengi wenu mko Marekani, Canada, Uingereza, mnafanya kazi za mapambo na upishi kwenye kumbi, hii kazi itakufikia tu siku moja.

IJUE KWANZA HIYO NYUMBA

Ndoa ya Kiyahudi ina sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa kidushini, hapo mwanaume anampa mwanamke pete mbele ya mashahidi na kuanzia dakika hiyo huyo ni mke wa mtu. Ya pili inaitwa nisuini, ndo kuingia chini ya hupa na kusomewa baraka saba. Enzi za Talmudi, ule mkusanyiko wa zamani wa sheria na mafundisho ya marabi, kati ya hizo mbili ilikuwa inaweza kupita hata miezi 12, binti anakaa kwao huku mume anatayarisha makazi, ila kwenye zama za kati zikaunganishwa zikawa zinafanyika siku moja mahali pamoja, na ndo utaratibu mpaka leo. Hata Zaburi 19 inasema jua linatoka "kama bwana arusi akitoka chumbani mwake", na hicho chumba kwa Kiebrania ndo hiyo hupa, maana zamani kilikuwa chumba kweli. Hili paa la kubeba lenye nguzo nne lilienea kwa Wayahudi wa Poland na jirani zake kwenye karne ya 16 hivi.

Haina kuta. Pande zote nne ziko wazi, na wanafundisha kwamba ni kwa mfano wa hema la Ibrahimu, ambalo mgeni akitokea upande wowote anakaribishwa. Kumbuka hili tukifika kwenye maua.

HATUA YA 1: RABI KABLA YA MUUZA MAUA

Omba familia ikuunganishe na rabi anayefungisha, hata kwa simu tu, dakika kumi zinatosha. Mtu asikwambie "fanya kama ile ya mwaka jana", kwani kila jumuiya ina desturi zake na anayeamua siku hiyo ni rabi.

Muulize kwanza kama ni nje au ndani. Waashkenazi, wenye asili ya Ujerumani, Poland, Urusi huko, wanapenda chini ya anga. Rabi Moshe Isserles wa Krakow aliiandika hiyo desturi kwenye karne ya 16, akasema ni dalili njema ili uzao wao uwe kama nyota za mbinguni, ile ahadi ya Mwanzo 15:5. Ndo maana kumbi nyingine za New York zina sehemu ya paa inayofunguka juu ya hupa, watu wako ndani na heater inawaka lakini juu kabisa kuko wazi. Wasefaradi, asili ya Hispania, Moroko, Uturuki na kwingineko, wengi hawana shida kufanya ndani ya sinagogi, na kuna wanaotandaza taliti, ile shali ya maombi, juu ya vichwa vya maharusi.

Muulize na tarehe, maana unaweza kukubali siku ambayo haipo. Hakuna harusi siku ya Sabato, yaani kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi usiku nyota zinapotoka. Hakuna sikukuu za Pasaka, Shavuoti, Sukoti, wala siku za katikati ya hizo sikukuu. Zile wiki tatu za maombolezo zinazoishia tarehe 9 ya mwezi wa Avu wa kalenda yao nazo wengi hawafungi, na sehemu kubwa ya siku kati ya Pasaka na Shavuoti wengi wanajizuia. Jumanne inapendwa sana, kwani kwenye uumbaji siku ya tatu imeandikwa mara mbili kwamba Mungu akaona ni vyema.

Sasa angalia mtego huu. Harusi ikiwa Jumamosi usiku, usipange kuja kujenga Jumamosi mchana ukidhani kwa vile wewe sio Myahudi basi haikuhusu. Kusimamisha kitu kama hema siku ya Sabato ni kazi iliyokatazwa, na wao hawatakiwi kumtuma mtu mwingine awafanyie. Muulize rabi mapema, na njia ya amani ni kumaliza yote Ijumaa mchana ukaiacha imesimama.

HATUA YA 2: KITAMBAA

Hapa ndo roho ya kazi ilipo, usikimbilie. Kuna familia inakuja na taliti ya babu, kuna sinagogi lina kitambaa chake cha mahameli kilichodariziwa, na kuna wanaotaka kipya kabisa. Mimi nikiulizwa nasema kitambaa chenye historia ya nyumba hiyo kinashinda chochote utakachonunua dukani, hata kama kimepauka kidogo. Kikiwa kipya na wanataka maandishi, yanayotumika sana ni ya Yeremia 33:11, "sauti ya furaha na sauti ya shangwe, sauti ya bwana arusi na sauti ya bibi arusi", ila mwandishi awe anajua Kiebrania na rabi asome kabla fundi hajaanza kudarizi, herufi zao mbili tatu zinafanana sana na fundi cherehani asiyezijua atakosea.

Vipimo. Ya kushikwa kwa mikono inatosha mita 1.5 kwa 1.5 mpaka 1.8 kwa 1.8. Ya kusimama yenyewe usishuke chini ya 2.4 kwa 2.4, na ukipata 2.7 itakuwa nzuri zaidi. Watasimama pale maharusi wawili, rabi, mara nyingi wazazi wa pande zote, na gauni la bibi harusi peke yake ni kama mtu wa ziada.

Taliti sio mraba na nyingi hazifiki ukubwa huo, basi usiinyooshe kwa nguvu. Tafuta kitambaa cheupe kikubwa kiwe ndo kinabeba uzito wote, alafu taliti itandazwe chini yake ili maharusi wakiinua macho waione. Kuna marabi hawapendi taliti iwe paa lenyewe kwahiyo uliza. Na zile nyuzi za kona nne, tsitsiti, ni amri ya Torati, Hesabu 15:38. Usizifungie kamba, usizikate hata kama zinaning'inia vibaya, usizipitishie pasi. Kushika taliti bila kuitoboa fanya hivi: chukua kokoto laini saizi ya njugu, iweke upande wa chini wa kitambaa karibu na kona ila mbali na tundu la nyuzi, ifunike na kitambaa chenyewe, alafu funga utepe shingoni mwake. Hapo una mahali pa kufungia, na ukifungua hakuna alama.

Kitambaa chepesi sana kikipata upepo kinakuwa tanga la jahazi, kinavuta nguzo zote. Mahameli nayo inalemea katikati. Pamba nzito au kitani ndo vinakaa vizuri.

HATUA YA 3: NGUZO

Talmudi inasimulia kwamba watu wa mji wa Betari mtoto wa kiume akizaliwa walipanda mwerezi, wa kike walipanda msonobari, na wakifika kuoana wanakata ile miti wanatengenezea hupa. Siku moja mhimili wa gari la binti wa Kaisari ukavunjika, watumishi wake wakakata mwerezi wa watu kurekebisha, wenyeji wakawapiga, na kwa ajili hiyo mji ukaja kuangamizwa. Uone uzito wa mti uliokuzwa kwa ajili ya ndoa ya mwanao. Mpaka leo kuna familia zinaleta matawi ya mti wa nyumbani kwao yawe nguzo, na kama inawezekana wasaidie kuyapata, yakauke vizuri na yapigwe msasa.

Kama unanunua, chukua mbao ya mviringo au mianzi, futi 8 kwa za kushikwa. Unene sentimita 4 hivi, mtu aweze kuishika vizuri. Usichukue fupi, kwani kitambaa kinashuka katikati sentimita 15 mpaka 20, na kuna bwana harusi mrefu mwenye kofia. Juu ya kila nguzo toboa kwa drili, ingiza bolti ibaki inachungulia sentimita 6, na kitambaa kiwe na tundu lenye pete ya chuma kila kona lipite kwenye bolti, kisha funika na kirungu cha mbao. Kamba tupu zinateleza, usizitegemee.

HATUA YA 4: YA KUSHIKWA AU YA KUSIMAMA

Ya kushikwa mimi ndo naipenda. Watu wanne wa karibu, kaka, rafiki wa utotoni, binamu, wanashika nguzo na maharusi wanakuwa wamezungukwa na watu wao wenyewe. Ni heshima kubwa kupewa nguzo. Ila waelekeze: mguu wa nguzo ugote chini, asiibebe hewani, mkono mmoja usawa wa kifua na mwingine chini yake, na wote wanne wavute kidogo kuelekea nje ili kitambaa kikae kimekaza. Wawe na urefu unaokaribiana. Tayarisha wawili wa akiba wakae mstari wa mbele, kwani shughuli inaweza kwenda nusu saa. Fanyeni mazoezi hata mara moja, ikiwemo kutembea nayo kama wanataka kuingia nayo kwa maandamano.

Ya kusimama yenyewe inataka msingi. Kwenye nyasi unaweza kuchimbia. Kwenye sakafu tumia sahani za chuma nzito, au ndoo ya zege: kata bomba la plastiki linaloingia nguzo bila kuchezacheza, lisimamishe katikati ya ndoo, mimina zege, hakikisha limenyooka kwa pima maji, liache likauke siku kadhaa. Chini ya kilo 20 kila kona usijaribu, na nje penye upepo ongeza mifuko ya mchanga. Juu unganisha nguzo kwa mbao nne, bila hizo fremu yote inayumba. Kamba za kuvutia ardhini kwa nje usiweke kabisa kama unaweza kukwepa, watu wanapita hapo na magauni marefu. Ukimaliza itikise kwa mikono miwili kwa nguvu zote, ikisogea bado.

HATUA YA 5: MAHALI

Ardhi iwe sawa na ngumu. Jua la jioni lisiwapige machoni wageni. Njia ya katikati iwe pana, kwani bwana harusi anasindikizwa na wazazi wake wawili ubavuni na bibi harusi vilevile, yaani watu watatu wanatembea sambamba, mita 2 ndo angalau. Zulia libandikwe kingo zote kwa utepe wa gundi. Kama ni nje, mvua ina mpango wake, basi amua mapema na familia saa ngapi mtahamia ndani na nani anatoa hiyo kauli, ujumbe usije kuzunguka kwa watu sita wakati mawingu yameshafika.

MAUA

Weka juu na kwenye nguzo, acha pande wazi. Siku hizi kuna mtindo wa kuziba nyuma kote kwa ukuta wa maua, unapendeza kwenye picha lakini umeshaliziba hema la Ibrahimu, na wazee wanaokaa pembeni hawaoni kitu. Mwenye harusi akilazimisha, mwambie kwa upole maana yake, wengi wakielewa wanabadilisha wenyewe. Mishumaa ikae mbali na kitambaa, na wale wanaowasindikiza maharusi wakiwa na mishumaa mkononi wawekewe glasi ya kukinga moto.

MEZA NDOGO

Iwe ndogo kweli, na ikae pembeni mwa hupa, katikati pabaki patupu. Sababu ni kwamba kwa Waashkenazi bibi harusi akifika anamzunguka bwana harusi mara 7, mama zao wakimfuata nyuma wameshika gauni, na meza ikiwa katikati hapo hakuna atakayepita. Juu ya meza weka divai ya kosha, yaani inayoruhusiwa kwa sheria yao, iliyofunguliwa tayari kisha ikafunikwa, vikombe viwili, ketuba, yaani hati ya ndoa, kwenye bahasha ngumu, glasi ya kuvunja, leso, na maji ya kunywa kwa bibi harusi. Divai nyeupe ikiruhusiwa itawaokoa na doa kwenye gauni. Pete ibaki kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

YANAVYOKWENDA SAA ILE, ILI UJUE USIMAME WAPI

Kabla ya hupa ketuba inasainiwa na mashahidi wawili ambao sio ndugu wa maharusi wala ndugu kati yao. Bwana harusi anaenda kumfunika bibi harusi shela usoni, wakikumbuka Yakobo alivyopewa Lea akidhani ni Raheli. Alafu yeye ndo anatangulia kufika chini ya hupa, anamsubiri mkewe kama mwenye nyumba.

Bibi harusi akishazunguka anasimama kulia kwa bwana harusi, Zaburi 45:9, malkia mkono wa kuume. Maiki ya rabi iwe imeshajaribiwa. Inakuja baraka ya divai na ya kidushini, wanakunywa kikombe cha kwanza. Kisha pete, na hapa wewe na mpiga picha msogee. Mashahidi ni LAZIMA waone kwa macho pete ikiingia kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na wasikie maneno yake, kwamba umewekwa wakfu kwangu kwa pete hii kwa sheria ya Musa na Israeli. Pete ni ya duara tupu bila jiwe, thamani yake iwe wazi, na iwe mali ya bwana harusi mwenyewe, sio ya kuazima. Kamera ikiwakinga mashahidi umegusa ndoa yenyewe, kwahiyo mwelekezeni mpiga picha kabla.

Baadaye inasomwa ketuba kwa Kiaramu, yale mume anayojifunga nayo, chakula, mavazi, haki ya ndoa, na zile zuzi 200, sarafu za fedha, za tangu enzi za Talmudi kwa bibi harusi anayeolewa mara ya kwanza. Hii ni ndefu, ndo wakati mikono ya washika nguzo inachoka, watupie jicho na ubadilishe mtu kimyakimya. Mwisho kikombe cha pili na baraka saba, mara nyingi kila baraka anaitwa mtu mwingine kwa heshima, basi acha upenyo wa kuingia na kutoka. Wanatakiwa watu 10 wa kuhesabika, kwa Wayahudi wa Kiothodoksi, wanaoshika sheria za kale kwa ukali, ni wanaume, jumuiya nyingine zinahesabu na wanawake.

GLASI

Talmudi inasema Mari bin Ravina kwenye harusi ya mwanawe aliona marabi wamezidi furaha, akaleta kikombe cha thamani ya zuzi 400 akakivunja mbele yao. Baadaye tendo hili likabeba kumbukumbu ya Hekalu lililobomolewa mwaka 70, na wengi wanasema au kuimba pale Zaburi 137, "Ee Yerusalemu, nikikusahau wewe". Kule kusini mwa Ujerumani baadhi ya masinagogi yalikuwa na jiwe la kuchonga ukutani kwa nje, bwana harusi analirushia glasi hapo. Kwahiyo usiichukulie ni kishindo cha kuanzisha muziki, DJ asubiri ivunjike na watu wenyewe wapige kelele ya mazel tov, yaani hongera, kwanza.

Chagua glasi nyembamba, izungushie leso nene au mfuko wa kitambaa ufungwe vizuri. Kwenye nyasi au zulia nene weka kipande cha plaiwudi chini, la sivyo glasi inadidimia tu na bwana harusi anapiga mara tatu nne mbele ya watu. Apige kwa kisigino, na kiatu kiwe na soli ngumu. Vipande wengine wanavihifadhi, muulize mama kabla hujatupa.

BAADA YA HAPO

Kwa Waashkenazi wanaenda moja kwa moja kwenye chumba cha faragha, wawili peke yao, mlango umefungwa na mashahidi wamesimama nje. Kuna wanazuoni wanaosema hicho chumba ndo hupa hasa, kwahiyo nacho ni kazi yako. Kiwe na ufunguo unaofanya kazi, chakula kidogo na maji maana maharusi wengi wanafunga kula siku hiyo, na hakikisha hakuna mhudumu wala begi la mpiga picha humo ndani. Wasefaradi wengi hawafanyi hivi ukumbini, uliza.

Usianze kubomoa wakati wageni bado wanapiga picha chini yake. Ukianza, toa maua na mishumaa kwanza, kisha taliti, ukifungua utepe kwa vidole bila mkasi. Nyoosha nyuzi zake, ikunje ikiwa kavu, na umkabidhi mkononi yule yule aliyekupa, hata kama itabidi umsubiri amalize kucheza.